Mguu umepungua sentimita moja: kisa cha Makorora

Mwezi wa sita mwaka juzi alikuja kliniki kwetu mama mmoja wa Makorora, Tanga mjini, miaka 54, muuza vitumbua. Nitamwita Bi Mwanahamisi. Jina si lake, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyageuza. Mguu wake wa kushoto una matende tangu kitinda mimba wake yuko darasa la kwanza, na sasa huyo mtoto anaendesha bajaji.

Nimeamua kukiandika kisa chake kwa urefu kwa sababu baada ya miezi 12 fomu yetu ilisema hajapata nafuu ya maana, mwenyewe akasema amepata, na mimi niliyekuwa na kalamu mkononi sikujua nimwamini nani.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: minyoo myembamba kama uzi, Wuchereria bancrofti kwa jina la kitaalamu, inaenezwa na mbu. Inakaa kwenye mishipa ya limfu na kuiharibu, na maji ya mwili yanashindwa kupanda kurudi juu. Baadhi ya wanaume wa pwani hupata mabusha. Miguu huvimba kwa wanaume na wanawake. Shirika la Afya Duniani limekadiria watu milioni 15 wenye matende na wanaume milioni 25 wenye mabusha. Dawa zinazogawiwa jamii nzima penye maambukizi, ivermectin na albendazole, ambazo hapa nchini zilianzia Mafia mwaka 2000, kazi yake ni kukata maambukizi yasiende kwa mwingine. Mguu uliokwisha kuvimba haziurudishi ulivyokuwa.

Uvimbe wenyewe watu huuzoea kwa namna fulani. Kanga inashuka chini kidogo, kiti kinachaguliwa, maisha yanaendelea. Wasichokizoea ni siku mguu unapochachamaa. Bakteria wanapenya kwenye michubuko katikati ya vidole, ngozi inawaka, mtoki unauma kinenani, na mtu anatetemeka chini ya blanketi saa saba mchana wakati majirani wanajipepea kwa vipepeo. Hali hiyo humweka chini siku kadhaa. Na kila shambulio linaacha mguu umeharibika kidogo zaidi ya ulivyokuwa.

Tiba tuliyompa haina fahari yoyote. Aoshe mguu kila usiku kwa sabuni ya kawaida na maji safi, akaushe hasa katikati ya vidole, apake dawa ya fangasi penye michubuko, auinue akikaa, azungushezungushe kifundo, avae viatu. Sabuni na dawa ya kupaka tulimpa bure kwa miezi 12. Kazi yetu ilikuwa ndogo, ya kufuatilia wagonjwa tu, bila kundi la kulinganisha. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Siku ya kufunga hesabu tulikuwa na vipimo vitatu.

Cha kwanza kilikuwa futi ya fundi cherehani. Tulipima mzunguko wa mguu juu ya kifundo, mahali palepale, asubuhi: sentimita 34.6 mwanzoni, 33.5 mwishoni. Imepungua 1.1. Aliyewahi kupima mguu uliovimba anajua kwamba 1.1 inaweza kuwa ni mkono wa mpimaji. Kaza futi kidogo, shusha kidole kimoja, umeshaipata.

Cha pili kilikuwa hatua ya ugonjwa. Tunatumia mpangilio wa hatua saba uliotokana na kazi ya daktari Gerusa Dreyer na wenzake wa Recife, Brazili. Hatua ya kwanza uvimbe unaisha ukilala usiku. Ya pili hauishi. Ya tatu ngozi ina mikunjo isiyo na kina. Na kuendelea hadi vinundu, mikunjo yenye kina na ngozi iliyoota kama kuvu la mti. Bi Mwanahamisi aliingia akiwa hatua ya 3 na akatoka hatua ya 3. Kuna jambo katika mpangilio huo ambalo nimelifundisha miaka mingi bila kulitafakari: hatua sita za mwanzo zinatazama mguu, ya saba inamtazama mwenye mguu. Mtu yuko hatua ya 7 asipoweza tena kufanya shughuli zake za kila siku. Kwa hiyo swali la maisha yake linaulizwa mara moja tu, mwisho kabisa, wakati jibu limeshakuwa baya.

Cha tatu kilikuwa dodoso la maswali kumi kuhusu ngozi na maisha, lililotungwa Cardiff na kuchapishwa mwaka 1994, ambalo sasa linatumika duniani kote na limewahi kutumika kwa wenye matende pia. Alama zinatoka 0 hadi 30. Zikipanda hali ni mbaya zaidi. Yeye alitoka 12 akafika 10. Watafiti waliolichunguza dodoso hilo kwa wagonjwa wa magonjwa ya ngozi walipendekeza mwaka 2015 kwamba mabadiliko yaanzie alama 4 ndipo mgonjwa ayahisi. Mbili hazifiki nne. Mwenzangu aliyekuwa anaingiza takwimu akaandika kwenye safu ya mwisho: hakuna mabadiliko ya maana.

Nikamsomea. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haipo.

"Mwanangu," akasema, "mwaka huu nimelala chini mara ngapi? Umeuliza?"

Hatukuuliza vilivyo. Mahali pa kuuliza palikuwepo, lakini palikuwa ukurasa wa tatu, mstari mmoja: mashambulizi miezi sita iliyopita, idadi. Alijibu "machache", na msaidizi wetu akaweka 2 kwa sababu kompyuta haikubali neno.

Lawama zote nisilitwike dodoso, lakini hebu tulitazame kwa karibu, maana siku hiyo nilirudi nyumbani nikalisoma upya swali kwa swali. Linauliza kuhusu wiki iliyopita. Ugonjwa wa Bi Mwanahamisi hauji kila wiki. Unakuja, unamwangusha, unaondoka. Tena, siku ya shambulio haji kliniki. Yuko chini ya blanketi. Anakuja akishapona, akishaoga, amevaa kanga ya kutokea. Kwa hiyo mara zote mbili tulimpima kwenye siku zake nzuri, tukashangaa siku nzuri zinafanana.

Kuna swali la michezo: ngozi yako imekuzuia kiasi gani kucheza mchezo wowote? "Michezo gani, bao?" aliuliza, na chumba kizima kikacheka. Jibu likawa halihusiki, na halihusiki linahesabiwa sifuri, sawasawa na mtu ambaye hana tatizo lolote. Na kuna swali la kumi, ambalo ni zuri kwa kweli: tiba yenyewe inakusumbua kiasi gani, inachafua nyumba, inakula muda? Mwanzoni alijibu haimsumbui kabisa, maana hakuwa na tiba. Mwishoni alijibu inamsumbua kidogo, alama 1. Kwa hiyo maswali mengine yalishuka alama 3, tiba ikamrudishia 1. Jumla inasema 2. Ukiitazama jumla peke yake huoni kwamba ndani yake kuna faida na gharama zilizokwisha kutoana.

Tukamwamini, basi? Hapo nami nilisita.

Kipimo kinachopendekezwa na wengi ni kumuuliza mgonjwa moja kwa moja: tangu tuanze, umekuwaje? Umezidiwa sana, kidogo, vilevile, nafuu kidogo, nafuu kubwa? Kisha unatazama wale waliosema "nafuu kidogo" wamebadilika alama ngapi kwenye dodoso, na hiyo ndiyo unaiita tofauti ndogo kabisa yenye maana. Wazo hili liliwekwa wazi mwaka 1989 na Jaeschke, Singer na Guyatt, wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Ni wazo la heshima, kwa sababu linamfanya mgonjwa kuwa hakimu. Wengine wanakwepa kumuuliza kabisa: wanatazama alama zimetawanyika kiasi gani katika kundi, wanachukua nusu ya mtawanyiko huo, wanaiita maana. Mimi hiyo sijawahi kuielewa. Mtawanyiko wa alama unanieleza watu walivyotofautiana. Haunielezi mtu gani ameanza kulala usiku.

Lakini kumuuliza mtu wa Tanga umekuwaje kuna shida yake. Lugha yetu haimpi mgonjwa nafasi ya kusema vibaya mara ya kwanza. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Baada ya nzuri tatu ndipo inapokuja "ila", na baada ya "ila" ndipo habari yenyewe. Sasa anayeuliza ni kijana aliyempa sabuni bure mwaka mzima, aliyemwamkia shikamoo kila alipoingia, na nyuma yake kuna foleni. Utasema nini? Bi Mwanahamisi alisema: "Alhamdulillah, nafuu kubwa." Msaidizi akaweka alama kwenye kisanduku cha mwisho. Wagonjwa wetu karibu wote waliweka alama kisanduku hichohicho, na hiyo peke yake ingetutia wasiwasi. Adabu nayo inajaza fomu.

Nilihitaji kitu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yangu. Kikapatikana kwa bahati.

Vitumbua vyake vingi havipiti sokoni. Kuna mwenye mgahawa anayechukua 60 kila alfajiri na kulipa kila Ijumaa, na ili wasigombane wana daftari, la kurasa 48, jalada limekwisha kulainika kwa mafuta. Kila siku ina mstari: tarehe, idadi, sahihi ya kifupi. Siku ambayo hakupeleka, kuna kistari. Alinipa nilitazame ukumbini kwake, mimi nimekaa kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa kama tulivyomfundisha. Kurasa nyingine zilikuwa zimeshikana kwa sukari na ilibidi nizibandue kwa ukucha.

Nikahesabu vistari. Mwaka mmoja kabla ya tiba: 71. Mwaka wa tiba: 62. Tofauti siku 9. Nikajisemea, basi, fomu ilikuwa na haki. Nafuu ipo ila ni ndogo.

"Hizo umehesabu na Ramadhani?" akaniuliza.

Kumbe mgahawa haufungui asubuhi mwezi wa Ramadhani. Tukaondoa siku 30 mwaka wa kwanza, 29 mwaka wa pili. Tukaondoa siku 4 alizokwenda msibani Pangani, na siku 3 za mwaka uleule ambazo maji yalikatika na hakuweza kusaga mchele. Mwaka wa pili tukaondoa siku 6 za harusi ya mtoto wa dada yake, na siku 13 ambazo mwenye mgahawa alikuwa anapiga rangi na kubadilisha bati. Zikabaki siku za mguu: 34 mwaka wa kwanza, 14 mwaka wa pili. Pungufu siku 20.

Kistari kimoja cha mwezi wa tano kilikuwa kimepigwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka. Sikuuliza.

Wahakiki wangu watasema, na wana haki, kwamba kuondoa siku ni kazi ya hatari. Yeye ndiye aliyekumbuka kipi kilikuwa msiba na kipi kilikuwa mguu, na alishajua ninachokitafuta. Za Ramadhani na za mgahawa kufungwa niliweza kuzithibitisha kwa mwenye mgahawa. Za msiba na harusi niliwauliza wengine wa nyumbani. Siku 3 za maji nimezipokea kwa neno lake tu, na hata nikizirudisha kwenye hesabu ya mguu, tofauti inaongezeka, haipungui. Upande wa hatari ungekuwa mwaka wa pili: kama katika zile siku 6 za harusi mbili zilikuwa za homa, 14 inakuwa 16. Bado naona kuna kitu hapo.

Sasa kuna maswali mawili ambayo tunayachanganya kila siku, kwenye mikutano, kwenye ripoti, hata wakubwa zetu. La kwanza: je, ni sabuni iliyoleta mabadiliko haya? La pili: je, mabadiliko haya ni makubwa kiasi cha kumgusa mwenye mguu? Daftari la vitumbua linajibu la pili tu. La kwanza haliwezi. Bi Mwanahamisi alikuja kwetu mwezi wa sita, masika imemalizika, amekwisha kuangushwa mara tatu mfululizo. Watu huja kutafuta tiba wakiwa wamefika chini kabisa, na aliyefika chini mara nyingi hupanda hata usipompa kitu. Kama nisingekuwa na kazi za wengine mbele yangu, nisingethubutu kumwambia mtu kwamba sabuni ndiyo iliyofanya.

Kazi hizo zipo. Ninayoipenda zaidi ilifanyika kaskazini mwa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2018, kuhusu podokoniosisi, ugonjwa unaovimbisha miguu kama matende lakini hautokani na minyoo. Unawapata wanaotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano. Watu 696 waligawanywa kwa kura: nusu walifundishwa usafi wa miguu, kupaka, kufunga bendeji, mazoezi, wakapewa viatu, nusu walisubiri, wakaja kupewa baadaye. Walichokihesabu kama tokeo kuu kilikuwa mashambulizi, si sentimita. Waliotibiwa walipata mashambulizi 19.4 kwa mtu kwa mwaka, waliosubiri 23.9.

Hebu kaa na namba hizo kidogo. Ukizisoma kwa asilimia, ni pungufu ya asilimia 19. Ukizisoma kwa thamani ya p, kipimo cha kitakwimu cha kama tofauti ni bahati tu, ni ushahidi mzito ajabu; watu 696 na mashambulizi maelfu hayawezi kutoa kingine. Ukizisoma kwa macho ya mgonjwa, ni mashambulizi manne na nusu pungufu kwa mwaka, na bado amebaki na zaidi ya kumi na tisa, yaani zaidi ya moja kwa mwezi. Ni namba ileile. Mmoja atasema tiba imefaulu, mwingine atasema mbona bado naanguka kila mwezi, na wote wawili hawajakosea kusoma. Thamani ya p haiwezi kuwapatanisha kwa sababu haikuulizwa jambo hilo. Inasema tu kwamba tofauti si rahisi kuwa ni bahati. Ukiwa na watu wengi wa kutosha, hata tofauti ambayo hakuna binadamu atakayeihisi itakuwa "muhimu kitakwimu". Na ukiwa na watu wachache kama sisi, tofauti ya kumbadilishia mtu maisha itaandikwa haipo.

Kwangu mimi, mashambulizi 4.5 pungufu yana maana, na nitaeleza kwa nini: kwa sababu ya kile inachogharimu kuyapata. Fasili ile ya McMaster watu huikata katikati. Wanachukua sehemu ya kwanza, kwamba ni tofauti ndogo kabisa ambayo mgonjwa anaiona ni ya manufaa, wanasahau sehemu ya pili: kwamba ingefaa tiba ibadilishwe kwa ajili yake, kama hakuna madhara ya kusumbua wala gharama ya kupita kiasi. Faida na gharama ziko kwenye sentensi moja. Siku 20 za dawa inayotapisha si siku 20 za sabuni.

Kwa hiyo nikafanya hesabu ya Bi Mwanahamisi, naye amekaa ananisahihisha. Vitumbua 60 vinamwachia kama shilingi 4,500 kwa siku akitoa mchele, nazi, sukari na mkaa. Siku 20 ni 90,000. Sabuni na dawa ya kupaka, kama angenunua mwenyewe, kama 4,000 kwa mwezi, 48,000 kwa mwaka. Anabaki na 42,000. Mtu wa mipango angefunga daftari hapo kwa furaha.

Kisha nikahesabu muda, nikaharibu mambo. Kuosha na kukausha kunamchukua nusu saa kila usiku. Kwa mwaka ni saa 182. Siku yake ya kazi ni kuanzia saa tisa usiku hadi saa nne asubuhi, saa saba. Mara siku 20 ni saa 140. Ametoa saa 182 kuokoa saa 140. Kwa hesabu ya saa, tiba yetu imemtia hasara!

Nilimwambia hivyo, nusu kwa utani. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Nikiosha mguu nasikiliza redio," akasema. "Nikiwa na homa hata redio nawaambia wazime."

Wachumi wa afya wana njia zao za kuzipa saa uzito tofauti, na ni njia nzuri, lakini sidhani nimewahi kusikia ikielezwa vizuri zaidi ya hapo.

Na kuna ushahidi mmoja ambao sikuutafuta. Sabuni yetu ya bure iliisha mwezi wa sita. Hesabu ya daftari niliifanya mwezi wa tisa. Bafuni kwake palikuwa na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi, na kikopo cha dawa ya kupaka alichonunua duka la dawa, bei bado imebandikwa. Miezi mitatu hakuna aliyemlazimisha wala aliyempa. Kisanduku cha "nafuu kubwa" mtu anaweza kukijaza kwa adabu. Sabuni ya mche hainunuliwi kwa adabu.

Nilipolileta jambo hili kwa wenzangu nilipingwa, na pingamizi moja lilikuwa zuri. Mwenzangu alisema: huyu ni mtu mmoja, tena mwenye daftari, utafiti unashughulika na kundi, na kundi lina wastani. Ni kweli. Lakini wastani nao una tabia zake. Tuseme wanawake kumi, watano wameokoa siku 20 kila mmoja, watano hawajaokoa hata moja. Wastani ni siku 10. Hakuna hata mmoja kati ya kumi aliyepata siku 10. Ukiwa umeamua kwamba maana inaanzia siku 15, utasema tiba haina maana, wakati nusu ya watu wako maisha yamebadilika. Kipimo kilichotungwa kwa kumuuliza mtu mmojammoja tunakichukua kukipima kichwa cha wastani, ambacho hakina mwili. Afadhali kuhesabu wangapi wamevuka mstari upande wa waliotibiwa na wangapi wamevuka upande wa pili, na mstari wenyewe uwe umechorwa kabla, na wenye miguu wakiwepo wakati unachorwa.

Hapo ndipo tulipokosea hasa, na kosa ni letu. Tulianza na futi kwa sababu futi tulikuwa nayo. Tukachukua dodoso kwa sababu limethibitishwa, bila kukumbuka limethibitishwa kwa nani. Mstari wa alama 4 ulichorwa na watu wenye ngozi inayowasumbua kila siku, si inayowaangusha mara moja kwa miezi miwili. Hata kwingineko ni hivyohivyo. Kwa wenye magonjwa sugu ya mapafu, mita kama 30 zaidi katika mtihani wa kutembea dakika sita zinahesabiwa kuwa ndiyo tofauti inayohisika. Kwa maumivu yanayopimwa 0 hadi 10, kushuka kwa 2, au theluthi hivi. Ni kazi nzuri zote. Ila ukizihamisha uhamishe na swali lake: mita 30 kwenda wapi?

Fomu mpya tumeibadilisha. Kila mgonjwa anapewa kalenda ya ukutani na anapiga kistari siku mguu ukimlaza, mtindo tulioiba kwa mwenye mgahawa. Futi tumeibakiza. Na kabla hatujamshika mguu tunamuuliza: ni jambo gani likibadilika utasema kuja kwako hapa kumefaa? Jibu linaandikwa kwa maneno yake, halafu mwisho wa mwaka anasomewa aseme limetokea au halikutokea.

Nilikwenda Makorora kumjaribishia Bi Mwanahamisi swali hilo, ingawa kwake limechelewa. Nilikuwa na jibu lake tayari kichwani, siku za kulala chini. Nilikuwa nimekwisha kulijengea hoja nzima.

Akafikiri kidogo. "Kukaa tahiyatu," akasema.

Nikamwomba aeleze. Ni kile kikao cha chini katika swala, na miaka sita yeye anaswali kwenye kiti. Mguu hauingii chini yake, kifundo hakikunjiki, nyama inajikunja mbele na kuuma. Siku za homa zilipopungua alifurahi, alisema, lakini homa ni ya kupita na hata zamani ilikuwa inapita. Kiti hakijapita. Wenzake wamekaa chini kwenye safu, yeye yuko juu peke yake kama mgeni rasmi.

"Mwaka huu umejaribu?"

"Kila siku najaribu. Zamani ulikuwa hauingii kabisa. Sasa unaingia hapa." Akatandika mkeka, akashika meza, akashuka polepole, akakunja mguu wa kulia, kisha akauvuta wa kushoto kwa mikono miwili mpaka ukakwama. Kati ya paja na kisigino palibaki nafasi ya kiganja kilicholala.

Kwa hiyo nikafungua mkoba nikaitoa ile futi. Pale ulipokwama, mzunguko ulikuwa sentimita 33.2. Nikamuuliza zamani, ulipokuwa hauingii kabisa, ulikuwa unakwama wapi, akanionyesha kwa kidole, na nikaandika.